Lile Neno Chini ya Picha

Dunda, Bagamoyo

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila goti la baba yako limeanza tena na hii mvua.

Ile picha uliyoichora ukanitumia nimeitazama mpaka simu ikazima. Bibi wa bibi yangu hakupigwa picha hata moja, nami nikamwona! Sura umeichukua kwangu, nimejitambua. Mungu kaubariki mkono wako. Lakini yale maneno ya chini, “Mtumwa, Bagamoyo”, yameninyima usingizi. Ndiyo unayokwenda nayo kwenye maonyesho Ujerumani?

Usimwandike hivyo. Watu watapita, watasoma neno moja, wataondoka wakidhani wamemjua.

Wewe mwenyewe ndiye ulinisimulia habari za Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, msanii aliyechukua Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa kule Uingereza, mwaka 2017. Ukaniambia mwaka 2004 alisimamisha watu 100 wa mbao, kimo cha binadamu, watumwa wa majumba ya wakubwa wa Ulaya, na kila mmoja akampa jina lake la kwao, jina alilopachikwa, na kazi aliyokuwa akiijua kabla ya kuchukuliwa. Siku ile ulilia kwenye simu. Sasa ya Himid yamekuliza, ya nyumbani umeyaandika kwa neno moja?

Utasema jina lake la kwao hulijui. Hulijui kweli, na hapo sikulaumu. Utumwa huku Tanganyika ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922, lakini mimi nikiwa mwali bado watu walikuwa wakiulizana asili kabla ya kupeleka posa. Bibi alianza kunitajia, yuko barazani anasuka ukili, na wageni wa posa walikuwa waje jioni ile. Nikamwambia aache, watu watasikia. Akaacha. Hakuanza tena mpaka tukamzika. Ndiyo maana wewe nilikukuza kwa kusema sisi ni watu wa Kaole, wenyeji wa pwani.

Hilo neno “Mtumwa” lisiwe jina lake. Ninachokijua ni kwamba aliletwa na msafara kutoka bara, na alikuja akijua kufinyanga. Mtungi ulioko uvunguni mwa kitanda changu kaufinyanga yeye, bibi ndivyo alivyoniambia. Basi andika mfinyanzi. Jina la kwao liachie nafasi tupu, pana, watu waione kwamba hapo palikuwa na jina.

Mtungi wenyewe sikupi, usiniombe tena. Una ufa, hautafika.

Kaka yako anakuja huko Jumamosi. Nimempa sweta mbili na kisamvu kilichotwangwa. Kigandishe siku hiyo hiyo. Fundi wa bati bado hajatokea, jikoni pananyesha kama nje. Zile hela ulizotuma nimelipia maji, zilizobaki nimemwekea fundi.

Nami nimejiunga bando la wiki nzima. Ukishalifuta lile neno nitumie picha upya, hata iwe usiku.

Mama yako