Wajawazito wanaookota korosho mchana wa jua kali

Mhariri naomba nafasi kidogo. Msimu huu ukifungua redio ni mnada, ukishika gazeti ni mnada, kilo imefika bei gani, AMCOS ipi (vyama vyetu vya ushirika wa wakulima) imelipa ipi bado. Sawa, korosho ndo maisha yetu huku Tandahimba. Ila sioni mtu anaongelea wanaoziokota, wengi wao ni wanawake na humo humo wapo wenye mimba ya miezi saba, nane, mtu kainama toka asubuhi mpaka saa nane mchana, akirudi anabeba ndoo ya lita 20 kutafuta maji, na shida ya maji kwenye uwanda huu wa Makonde kila mtu anaijua.

Ukisema joto limezidi unajibiwa tumezaliwa nalo. Hapana jamani. Mwili wa mjamzito tayari unabeba joto lake na la mtoto, akikaa juani damu nyingi inakimbilia kwenye ngozi ili apoe kwa jasho, sasa ile inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua na mtoto tumboni anakosa oksijeni ya kutosha. Akiishiwa maji mwilini anaweza kuanza uchungu kabla ya wakati. Na wenzetu wa Lindi, Kilwa na Mtwara mjini unyevu wa bahari unafanya hata jasho lisikauke.

Gambia watafiti waliwafuata wajawazito 92, wakulima wadogo kama sisi, wakawapima wakiwa kazini shambani pamoja na mapigo ya moyo ya watoto tumboni. Majibu yakatoka 2022, kipimo cha mkazo wa joto kikipanda nyuzi 1 tu, uwezekano wa mtoto kuonesha dalili za kuelemewa unaongezeka asilimia 17. Mwaka 2024 zikaunganishwa tafiti 198 kutoka nchi 66, ikaonekana joto kali likija mfululizo, uwezekano wa kuzaa kabla ya wiki 37 unapanda kwa kama robo.

Kwa vichanga ndo naumia zaidi. Mtoto ana siku tatu, nyumba ya bati, dirisha limefungwa, saa saba mchana kavishwa kofia, soksi, sweta na blanketi juu, eti asipate kichomi. Bibi anafanya kwa upendo na asubuhi za Julai yuko sahihi kabisa, na mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, kweli anahitaji joto la kifua cha mama, ile kangaruu wanayofundisha wodini. Lakini aliyetimiza miezi yake, Novemba hii, mnamchemsha. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5, jasho lake bado halijakomaa na hawezi kujifunua. Akizidiwa analegea, hanyonyi, mkojo unakuwa mchache, na manjano yanaweza kuzidi. Hapo ndo anaanza kupewa maji kwa kijiko, kosa lingine, maana maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji miezi 6 ya kwanza hata kwenye joto, anyonyeshwe mara nyingi zaidi na mama yake ndo anywe maji mengi. Akiwa wa moto mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, msiseme tu ni joto la nyumba, inaweza kuwa maambukizi.

Naomba kina baba mkubali mjamzito asiende kabisa, akilazimika basi aokote alfajiri mpaka saa nne hivi, nyingine zitaokotwa na wengine jioni. Zahanati nazo kliniki ianze mapema, kuwe na kivuli na pipa la maji ya kunywa. Serikali iangalie pia mafriji, ile sindano ya oksitosini ya kuzuia damu baada ya kujifungua inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, umeme ukikatika kwenye joto hili inapungua nguvu, kwahiyo sola ni lazima.

Na wewe mhariri, pale pale mnapoandika bei za mnada wekeni kila wiki mistari michache ya mkunga kuhusu joto na mimba, kwasababu wanaosoma ukurasa ule ndo hao hao wenye mashamba, wanaoamua nani aende kuokota saa sita mchana.

Msomaji wenu,
Tandahimba, Mtwara