Anayenunua sigara moja moja halioni onyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninaloliona kila asubuhi kwenye kibanda kilicho kando ya steji ya bodaboda mtaani kwetu Kondele, mjini Kisumu. Muuzaji hufungua pakiti ya sigara kabla jua halijapanda, akazipanga sigara zote wima ndani ya mkebe wa kakao, na pakiti tupu akaitupa chini ya meza. Kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha. Mwendeshaji wa bodaboda hufika, hutoa sarafu zake, hupewa sigara moja, huinama kuiwasha papo hapo na kuondoka. Picha ya mgonjwa na maneno ya onyo ambayo sheria inataka yachapishwe kwenye pakiti hayamfikii kamwe, kwa sababu yeye hanunui pakiti.

Nilifundisha kemia katika shule za upili hadi nilipostaafu. Kabati la kemikali katika maabara yangu lilikuwa na kufuli mbili, na funguo zake zilikaa mfukoni mwangu, kwa maana humo mlikuwa na chupa zenye alama ya fuvu ambazo mwanafunzi hakuruhusiwa kuzigusa peke yake. Vitu vya aina hiyo hiyo vimo katika moshi anaouvuta kijana wa steji, tena kwa wingi usiomithilika: wataalamu wamehesabu zaidi ya kemikali 7,000 katika moshi wa sigara, na si chini ya 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Hesabu kama hiyo haishiki akilini. Kwa hiyo ninapoulizwa huziacha tarakimu, nikazitaja chache ambazo mtu wa hapa kwetu amewahi kukutana nazo.

Wakati wa baridi na mvua nyingi hatukosi kusikia habari za familia iliyoingiza jiko la makaa chumbani, ikafunga mlango na madirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Gesi inayoua namna hiyo ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Gesi hiyo hiyo imo katika kila mkupuo wa sigara. Mvutaji hafi usiku mmoja kwa kuwa kipimo chake ni kidogo, lakini moyo wake hulazimika kusukuma damu iliyopungukiwa na oksijeni mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, na mishipa yake inaharibika pole pole bila yeye kuhisi lolote. Benzini, ambayo huleta saratani ya damu, imo katika petroli. Hakuna mwendeshaji wa bodaboda atakayekubali kuweka pua kwenye tangi la pikipiki yake na kuvuta pumzi mara ishirini kwa siku. Fomalidehaidi ni ile dawa ya kuhifadhia maiti. Aseniki ilitumiwa zamani kuulia panya. Kadimiamu ni metali ya kutengenezea betri, na ikishaingia mwilini hukaa kwenye figo kwa miaka mingi. Sianidi ya haidrojeni, pamoja na ubaya wake mwingine, hulemaza vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kutoka kwenye mapafu, ndiyo maana mvutaji wa siku nyingi huamka na kikohozi kizito: ufagio wa mapafu yake umekufa, na kukohoa ndiyo njia iliyobaki ya kuyasafisha.

Hapa sharti nisahihishe dhana moja ambayo nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Wengi huamini kwamba sumu hizi hutiwa na viwanda, na kwamba tumbaku ya kusokota inayotoka shambani kwa mzee haina dawa na kwa hiyo haina madhara. Ni kweli kwamba viwanda huongeza vitu, kama vile mentholi inayoipoza koo ili moshi usiwashe, lakini sehemu kubwa ya sumu hutokana na jani lenyewe na moto. Mmea wa tumbaku hufyonza kadimiamu kutoka udongoni. Poloniamu 210, ambayo ni nururifu, yaani hutoa mionzi yenye madhara, hulifikia jani kupitia hewa na mbolea za fosfeti. Nitrosamini, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikali vya saratani, hujitengeneza jani linapokaushwa na kuhifadhiwa, na ndiyo sababu hata ugoro usiowashwa moto si salama. Kisha mvutaji anapovuta, ncha ya sigara hufikia joto la karibu nyuzi 900, na hapo huzaliwa maelfu ya kemikali ambazo hazikuwamo shambani wala kiwandani. Lami ya kahawia inayoganda kwenye vidole na meno ni dalili tu ya ile iliyoganda ndani.

Nikotini nayo si kisababishi kikuu cha saratani, bali ndiyo kamba inayomfunga mtu kwenye hizo nyingine. Huufikia ubongo katika muda wa sekunde kama kumi tu. Wakulima wa Kuria, katika kaunti ya Migori, wanaijua nguvu yake bila kuwasha chochote: mtu akichuma majani ya tumbaku yenye umande kwa mikono mitupu, nikotini hupenya kwenye ngozi, na kabla ya adhuhuri ameshikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika.

Mhariri, siandiki haya kama mtu aliyeyatazama kwa mbali. Kaka yangu mkubwa alivuta sigara kwa zaidi ya miaka thelathini. Alichagua zile za mentholi akisema ni nyepesi, na alipenda zenye kichungi kilichotobolewa vitundu vya kuingiza hewa ili kupunguza ukali wa moshi, asijue kwamba vitundu vile huzibwa na vidole na midomo ya mvutaji mwenyewe, na kwamba mtu anayekosa nikotini yake huvuta kwa nguvu zaidi mpaka aipate. Miezi yake ya mwisho alilala akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao, ameegemeza kifua juu ya mto uliowekwa mezani, kwa sababu akijilaza pumzi ilikatika. Kutoka kitini hadi mlangoni zilikuwa hatua saba, naye alipumzika mara mbili njiani. Jioni moja aliniuliza kama nilikuwa nikijua yaliyomo katika moshi ule tangu zamani. Nilikuwa nikijua. Niliwafundisha watoto wa watu majina ya kemikali zile ubaoni, na nyumbani sikuwahi kumweleza ndugu yangu hata moja, kwa kuwa ni mkubwa wangu na niliona ni utovu wa adabu. Sijapata jibu la kumpa hadi leo.

Nchi yetu haikukosa sheria. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara kwa mtu aliye chini ya miaka 18 na vilevile kuuza sigara moja moja. Kanuni za mwaka 2014, ambazo pamoja na mambo mengine zinawataka watengenezaji waieleze serikali yaliyomo katika bidhaa zao, zilipingwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco Kenya hadi Mahakama ya Juu ilipolitupa shauri hilo mwaka 2019. Kizuizi cha mahakama kiliondoka zamani. Kilichobaki ni kazi ya kawaida ya ofisi: kuyachukua maelezo hayo, kuyafasiri kwa Kiswahili, Kidholuo, Kiluhya na Kikuria, na kuyapeleka zahanati, shuleni na sokoni Kibuye.

Naiomba pia idara ya afya ya umma ya kaunti yetu iwatembelee wenye vibanda. Sitaki wakamatwe; muuzaji wa steji yangu ni mama anayelipa karo kwa mkebe ule, na akinyang'anywa bidhaa zake atakayeumia ni mtoto. Aelezwe sheria, apewe muda, na aangaliwe tena. Aelezwe pia kuhusu yule mtoto wake mdogo anayekaa hapo baada ya shule, kwa maana moshi unaotoka kwenye ncha ya sigara wakati haivutwi haukupitia kichungi chochote, na zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa duniani kila mwaka kwa moshi wa wenzao.

Juma lililopita niliiokota ile pakiti tupu chini ya meza, nikaipangusa, nikampa kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akivuta. Aliniambia amevuta kwa miaka minne na hajawahi kushika pakiti mkononi. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa pili, kisha akauliza, "Mwalimu, na hizo kemikali zenyewe zimeandikwa wapi?" Nilimtajia zile ninazozijua mpaka abiria wake akafika. Zilizosalia naiomba Wizara ya Afya imtajie, kwa lugha anayoielewa.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Kondele, Kisumu