Mazoezi ya goti yaandikwe kwa kipimo, kama vidonge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya magoti yaliyosagika, maradhi yanayowasumbua wazazi wetu wengi hapa Kigoma, hasa kina mama waliovuka miaka 50. Mgonjwa anatoka hospitali na vidonge vilivyoandikwa sawasawa: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Kuhusu mazoezi ameambiwa tu, "Mama, jitahidi kufanya mazoezi." Yapi, mara ngapi, hadi lini, hajui. Baada ya wiki mbili ameacha, na nyumbani wanamsihi akae apumzike kwa kuwa goti limekwisha mafuta.

Kupumzika huko ndiko kunakomwongezea shida. Gegedu la goti, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, nao huingia na kutoka ndani yake pale goti linapobanwa na kuachiwa. Msuli wa mbele wa paja nao ukikaa bila kazi hunyauka upesi, goti likabaki bila wa kulisaidia kubeba uzito.

Mazoezi yanasaidia kiasi gani? Tusiwadanganye watu. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 54 na kukuta kwamba, kwa kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, waliofanya mazoezi walipata nafuu ya alama 12 hivi kuliko wasiofanya. Mwaka 2024 walirudia hesabu kwa tafiti 139: nafuu ikawa alama 13 ukilinganisha na watu wasiopewa tiba yoyote, na 9 hivi ukilinganisha na waliopewa tiba ya kuigiza, isiyotibu kitu. Wenyewe wanasema mgonjwa huanza kuiona tofauti kwenye alama 12, kwa hiyo nafuu hii ni ya wastani. Haiondoi maradhi wala hairudishi gegedu. Lakini haipishani sana na nafuu ya vidonge vya maumivu, na haitoboi tumbo, haipandishi presha, haiumizi figo, kama diklofenaki inavyoweza kufanya ikimezwa miezi mfululizo. Jambo moja zaidi: katika uchambuzi ule wa 2015, miezi miwili hadi sita baada ya mazoezi kwisha, nafuu ya maumivu ilikuwa imebaki alama 6. Anayeacha hupoteza.

Sasa kipimo chenyewe. Zoezi la kwanza ni kuinuka kitini. Usianze na kigoda. Chukua kiti cha mezani na uweke mto juu yake ili kiwe kirefu. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, kifua kiende mbele, inuka ukihesabu hadi mbili, keti ukihesabu hadi tatu. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia hadi mizunguko mitatu. Zoezi la pili, lala chali mkekani, kunja mguu mmoja, kaza paja la mguu mwingine na uunyanyue ukiwa umenyooka, kisigino kiwe kama sentimita 30 kutoka chini, hesabu hadi tano, ushushe taratibu. Mara 10, mizunguko mitatu, kila mguu. Hayo mawili yafanyike siku tatu kwa wiki, kwa kurukaruka siku. Siku zilizobaki ni kutembea, dakika 10 mwanzoni, ukiongeza mpaka 30.

Wengi huharibu hapa: wanajitupa kitini badala ya kushuka polepole, na kule kushuka ndiko kunakofanya kazi kubwa. Wengine huacha magoti yaingie ndani yagusane. Wengine, hata wakizoea, hubaki pale pale miezi mitatu, na msuli usioongezewa mzigo hauongezi nguvu. Ukishaongeza kuinuka kitini hadi mara 12 kwa mizunguko mitatu na zikawa rahisi, ondoa mto. Zikiwa rahisi tena, shika mfuko wa mchele wa kilo mbili kifuani. Kuchua kwa mafuta ya moto kunatuliza kwa muda, lakini hakujengi msuli.

Maumivu wakati wa zoezi yasimtishe mtu. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, mpaka 5 yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi goti limerudi lilivyokuwa. Lisiporudi, punguza idadi kwa nusu, usiache. Na usitoe hukumu kabla ya wiki nane.

Mji wetu ni wa milima, na kuteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni kunalemea goti kuliko kupanda. Kwa matembezi ya mazoezi tafuta mahali tambarare, hata kuzunguka uwanja wa mpira kunatosha. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu unaouma. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, unaouma utangulie kushuka. Mwenye uzito mkubwa ajue kwamba kila kilo anayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua.

Zahanati nyingi hazina mtaalamu wa fiziotherapia, lakini karatasi ya nusu ukurasa yenye mazoezi haya na idadi zake inaweza kuandikwa na mganga yeyote. Naomba viongozi wa afya wa mkoa walifikirie hilo. Ila goti lililovimba ghafla, la moto na lenye homa, lililokwama lisinyooke, au lisilokanyagika baada ya kuanguka, lisifanyishwe zoezi lolote. Hilo lifikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Ujiji, Kigoma