Kichocho cha tumbo hukaa ndani ya mishipa ya damu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wavuvi, wachuuzi wa dagaa na akina mama wanaoteka maji Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Kome na Ukerewe. Mtu akitapika damu ghafla huku kwetu, bado wapo wanaoulizana nani kamroga. Mimi hufundisha baiolojia, na naamini tungewahi kuwaokoa wengi kama tungejua damu inapita wapi mwilini.

Moyo husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Damu hutoka kwa ateri, zenye kuta nene za kuhimili msukumo, hupita kwenye kapilari nyembamba kuliko unywele, kisha hurudi moyoni kwa vena. Ila damu ya utumbo na bandama hairudi moja kwa moja. Hukusanywa na vena moja kubwa inayoipeleka kwanza kwenye ini, na humo husambazwa tena kwenye vijishipa vidogo ili ini lichukue virutubisho na kuondoa sumu.

Kichocho kinaijua njia hiyo kuliko sisi. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi ya aliyeingia majini, hata isiyo na mchubuko, huingia kwenye vena, hufika moyoni, mapafuni, moyoni tena, kisha husukumwa kwa ateri mpaka vifike kwenye mishipa ya ini. Vikikomaa huwa minyoo. Dume na jike huhamia pamoja kwenye vena za utumbo na kuishi humo miaka. Jike hutaga kila siku. Baadhi ya mayai hutoka na kinyesi, mengine huchukuliwa na damu, yakanasa kwenye ini na kuacha makovu.

Makovu yakizidi, damu inakosa pa kupita. Msukumo hupanda, bandama huvimba, na damu hutafuta njia za pembeni kama maji ya mvua kutoka milimani mtaro unapoziba. Njia mojawapo ni vena za umio, yaani mrija unaopitisha chakula kwenda tumboni, ambazo kuta zake ni dhaifu. Zikipasuka, ndipo mtu hutapika damu.

Kinachoniumiza ni kuwa wengi husubiri kuona damu kwenye mkojo. Hicho ni kichocho cha kibofu. Kilichoshamiri mwambaoni mwa ziwa letu ni cha tumbo, nacho kinaweza kukaa kimya muda mrefu. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya, na ikichelewa mno vena zilizokwishatanuka hubaki hatari.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba palipo na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwamo. Watoto hupewa shuleni. Baba aliyekesha akivua dagaa atapewa wapi? Nawaomba waganga wakuu wa wilaya za mwambao waifikishe mialoni asubuhi, mitumbwi inaporudi, na wahudumu waende na mchoro wa ini na mishipa yake. Na mwenye uvimbe chini ya mbavu za kushoto, au anayeona damu kwenye choo kikubwa, asingoje kampeni. Aende kituo cha afya wiki hii akapimwe.

Mwalimu wa baiolojia,
Ilemela, Mwanza