Kwa mwanangu mtunga shanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku Tanga sote wazima, mvua tu ndiyo imetuchosha. Nimefurahi mno kusikia umepata oda ya mikufu mia mbili. Ila uliponieleza kwamba wasichana wako wote wanafuata sampuli moja, na anayebadili rangi unamfumulia, nikamkumbuka John Ruskin.

Alikuwa Mwingereza, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo, aliyezaliwa London mwaka 1819. Umri wake aliumalizia kwenye uzuri: michoro ya mchoraji Turner, mawingu, majani, na majengo ya Venice, mji wa Italia. Huko alikagua mawe yaliyochongwa, moja baada ya jingine. Siku moja akapanda ngazi kwenye kaburi lililosifiwa sana la mtawala wa zamani, Andrea Vendramin. Sanamu ya marehemu imelazwa juu, watu huitazama kutoka chini. Akauona mkono mmoja, akautafuta wa pili, haukuwepo. Uso nao ulichongwa upande mmoja tu, ule unaoonekana. Kila nikisoma hapo huumia kana kwamba nimedanganywa mimi.

Lakini makosa ya fundi kazini hayakumsumbua. Katika kitabu chake cha Venice, juzuu ya pili ya mwaka 1853, alisema fundi ukimwachia afikiri atasita, atakosea, lakini umemfanya mtu; awali alikuwa mashine. Kisha akataja shanga. Mafundi hukaa kutwa wakikatakata vijiti vya kioo, mikono ikitetemeka bila kupumzika, vipande vikidondoka kama mvua ya mawe. Msichana anayezinunua, akasema, anafanya biashara ya utumwa, tena katili kuliko ile iliyokuwa ikipigwa vita.

Hapo sikubaliani naye. Zama zilezile shanga za Venice zilikuwa zikishushwa Zanzibar na misafara kuzibeba hadi bara, na soko la watumwa pale halikufungwa mpaka 1873. Sisi wa pwani hatuwezi kuyalinganisha mambo hayo. Lakini ile mikono inayotetemeka imenikaa moyoni.

Mkufu ulionitungia ukiwa darasa la nne bado ninao, na ule ushanga mmoja wa kijani katikati ya safu nyekundu. Huyo msichana unayesema anaharibu safu kila siku, kabla hujamfumulia tena, muulize alitaka kuweka nini. Halafu uniandikie alivyokujibu.

Mama yako