Barua kwa mwanangu: na wao walisimulia nini?

Mwanangu,

Ile video yako ya kikao chenu cha Ijumaa hapo chuoni imefika. Shangazi yako aliirusha kwenye kundi la ukoo Jumamosi usiku, na kabla sijaifungua, watu wa Songea mpaka Masasi walishajaza vikofi. Nimeiangalia nikiwa kwenye vichanja nageuza kahawa, nikairudia jikoni, bando likakata. Umevaa kile kitenge cha Pasaka. Umesimama juu ya kimbweta, yale mabenchi yenu ya zege, wenzako wamekaa kwenye nyasi, unaongea wala hukwami. Bibi yako kasema sauti hiyo ni ya marehemu babu yako mtupu. Hayo nayasema mwanzo ili usidhani nimeandika kukugombeza.

Sasa niambie: baada yako, nani alisimama akasimulia kwao?

Maana wewe umesimulia kwetu. Umelisema paa, umesema bibi anavyolala na magunia, ukasema boom yenyewe, hela ya mkopo ya kujikimu, kwamba ile 10,000 ya siku unaila nusu na nusu unatuma nyumbani. Hilo la kula nusu mimi nimelisikia kwenye video, pamoja na ukoo mzima. Watu wakapiga makofi. Yule msichana wa miwani aliyeshika kipaza sauti, uliyeniambia kwao ni Masaki kwa matajiri, akakushukuru kwa ujasiri wako, video ikaishia hapo. Yeye alisema nini? Alitaja kodi ya nyumba yao? Alisema nani anamfulia?

Nia yenu naielewa, umeshanieleza kwenye simu. Mnakutana Ijumaa jioni, Waislamu na Wakristo, wa bara na wa visiwani, waliosoma shule za kata na waliosoma zile za ada ya mamilioni, mseme yale yasiyosemwa darasani. Kwamba kwenye kazi za vikundi wenye kompyuta wanachaguana wao kwa wao, na asiye nayo anakumbukwa siku ya kuchangia hela ya kuchapisha. Kwamba mtu akiteleza Kiingereza mbele ya darasa, watu wanaguna. Na yule kijana asiyeona, anayesubiri rafiki yake amalize kufua ndipo amsomee notisi, huyo alinigusa kuliko wewe, nisamehe. Ni mambo ya kusemwa. Sijasema yasisemwe.

Mjomba wako ana hofu nyingine. Tangu aione hiyo video, kila akija kunywa uji ananisimulia ya Oktoba 1966, wanafunzi wa Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, walivyoandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa asilimia 60 ya mshahara, na bango lao la kusema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Mjomba anasimulia kama alikuwepo, na mwaka huo hata darasa la kwanza alikuwa hajaanza. Anaogopa na wewe utarudishwa. Mimi hilo halininyimi usingizi, nyinyi hamjaandamana, mmekaa kwenye nyasi. Ila kuna kipande cha hadithi yake nimekishika: siku ileile Mwalimu alikubali kwamba mishahara ya wakubwa imezidi, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Aliyekuwa juu alianza na chake.

Anasema pia zamani vikao kama vyenu havikuhitajika. Serikali ilimtoa mtoto Mbinga ikampeleka kusoma Tabora, akalala kitanda cha juu, mtoto wa mkuu wa wilaya cha chini, wote ugali mmoja. Ni kweli. Lakini nikimuuliza miaka hiyo kijiji hiki kilipeleka wasichana wangapi sekondari, anaomba aongezewe uji.

Majina ya kaya maskini za kupewa ruzuku ya TASAF yaliposomwa kwenye mkutano wa kijiji, mimi nilikwenda gulioni. Sababu unaijua. Pengine asilimia ya mkopo wako ingepanda kama tungekuwemo, na hilo usinirudishie, mjomba wako ameshanisomea vya kutosha. Nataka tu ujue kwamba uzito wa kusomwa mbele ya watu naufahamu, wakati waliokaa viti vya mbele hakuna anayewasoma. Kijijini walau aliyesomwa alipata hela ya dirisha la malipo. Wewe umepata makofi.

Halafu kuna binamu yako. Yuko hapohapo Mikocheni, analea mapacha wa watu, na mtihani wa darasa la saba mlifanya chumba kimoja. Ijumaa mnapokaa kwenye vimbweta yeye anaogesha watoto. Kama mnataka kujua nyumba zenye geti zinaishije, nani anakula wa mwisho, nani analala store, muulizeni yeye kabla ya kuniuliza mimi habari za paa. Mmewahi kumwalika? Mlinzi wenu angemfungulia? Huyo msichana wa miwani huenda ana binamu wa mtu nyumbani kwao, na jina lake hajawahi kulitaja kwenye hicho kikao.

Sikukatazi. Hata nikikukataza ungeenda, umerithi kichwa cha baba yako. Lakini Ijumaa ijayo kaa. Usiseme neno. Waambie zamu ni yao, waanze wa Masaki, wafuate wa Mbezi Beach, na wakinyamaza, acheni wanyamaze mpaka adhana ya magharibi. Nikiona video nyingine iliyojaa kwetu peke yetu, nitaondoka kwenye hilo kundi la ukoo, waendelee kuweka vikofi bila mimi. Na mitihani ni Julai. Sitaki kusikia habari za sapu, kurudia mtihani, kwa sababu ulikuwa unaandaa viti.

Kuhusu zile 50,000 za mwezi uliopita, tulinunua mbolea na kumlipa aliyechimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, kwenye shamba la juu. Usitume nyingine. Nasema kweli, usitume, kula. Kahawa mwaka huu imeiva kwa mafungu, AMCOS, chama chetu cha ushirika, bado hawajatulipa malipo ya pili ya msimu uliopita, ila mbuzi amezaa wawili na tukibanwa nitauza beberu. Mdogo wako anataka naye awe anahutubia, kaanza na kuku. Baridi imeingia, bibi miguu inamsumbua, mpigie asubuhi maana jioni simu yake huwa imezima.

Nimempa mzigo konda wa basi la Jumatano: maharage debe moja, unga wa ulezi, na sweta la binamu yako. Mgawie nusu ya maharage, umpelekee mwenyewe huko Mikocheni, usimwite aje stendi. Kachukue stendi ya Mbezi Alhamisi asubuhi. Nauli ya mzigo nimelipa hapa, risiti nimeipiga picha. Wakikudai tena usitoe hata mia.

Mama yako