Asante Auntie wa Makaha

Jamani naomba nimshukuru hadharani mama mmoja wa Makaha, pwani ya Waianae kule Oahu, Hawaii, jina hata sikumuuliza. Watu walinitisha eti huko uswahilini kwao usiende. Mi nikaenda, jioni basi limeniacha, simu imezima, pochi siioni, na barabara kubwa kule ni moja tu, Farrington. Mama alikuwa ufukweni na wajukuu, akanipa maji na wali samaki kwanza, akachomeka simu yangu kwenye pikapu yake, alafu tukarudi taratibu kituo kwa kituo mpaka tukaikuta pochi chini ya benchi, hela zote zimo. Ya mafuta akakataa kabisa, akasema niite Auntie tu, ndo wanavyowaita wakubwa kule. Ukimkuta mgeni amekwama mtaani kwako mchajie simu basi. Auntie, mahalo sana, yaani asante kwa Kihawaii.